Kokoto Nyepesi na Ufa wa Mshazari

Milima ya Upare inayoinuka juu ya Ndungu ni ya miamba ya kale ya naisi, mizito na migumu, ambayo humtoa jasho mponda kokoto. Kilimanjaro na Meru ni kinyume chake. Milima hiyo ilizaliwa na volkano, na kandokando yake hupatikana mawe mepesi yaliyojaa vitundu vya hewa. Je, fundi wa Ndungu akiletewa kokoto hizo, aweza kumwaga boriti ya darasa kwa vipimo vile vile?

Faida ni dhahiri. Boriti ya zege la kawaida yenye urefu wa meta 5, kina cha sentimeta 40 na upana wa sentimeta 20 ina uzito wa kilo 960 hivi. Kwa zege jepesi la kilo 1,800 kwa meta ya ujazo, itakuwa kilo 720, na nguzo zitapata nafuu.

Hasara imejificha karibu na nguzo hizo hizo. Hapo mzigo hutaka kuikata boriti, na ufa hupanda kwa mshazari. Mwalimu na atwae chaki, aisokote mpaka ivunjike: mvunjiko wake hupinda kama parafujo, kwa nyuzi 45 hivi. Chaki, kama zege, hustahimili kugandamizwa lakini ni dhaifu ikivutwa. Nayo nguvu ya kukata huzaa mvuto wa mshazari.

Kokoto ngumu huulazimisha ufa kuzizunguka, na nyuso zake zikabaki na manundu yanayong'ang'aniana. Kokoto nyepesi hupasuka zenyewe. Ufa huwa laini, na msaada ule hupungua. Kwa hiyo kanuni za Marekani huikadiria nguvu ya zege hilo dhidi ya mkato kuwa 0.75 ya ile ya zege la kawaida, au 0.85 ukitumika mchanga wa kawaida.

Linalotisha ni kwamba mvunjiko huu hautoi onyo. Mwaka 1955 sehemu ya paa la ghala la Jeshi la Anga la Marekani huko Shelby, Ohio, iliporomoka hivyo. Boriti zake hazikuwa na ringi za kutosha. Nondo nene za chini hazishiki kazi ya ringi, ingawa mafundi wengi hudhani hivyo. Kanuni hizo hutaka nafasi kati ya ringi isizidi nusu ya kina cha nondo: kwa boriti yetu, sentimeta 17 hivi.