Programu ya Ofisi: Je, Ni Lazima Kununua?

Ukienda Morogoro au Dodoma kununua kompyuta ya shule, ya chama cha ushirika au ya duka lako, muuzaji atakuuliza: "Na programu ya ofisi je?" Ndiyo ile ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Kabla hujafungua mkoba, soma haya.

Ijulikanayo zaidi, Microsoft 365, hulipiwa kila mwezi au kila mwaka. Malipo yakikoma, barua zako hazipotei. Waweza kuzisoma na kuzichapa, lakini huwezi kuzisahihisha wala kuandika mpya. Office 2016 na 2019 zilinunuliwa mara moja tu, lakini tangu Oktoba 14, 2025 wenyewe wameacha kuzitengenezea kinga.

Iko nyingine isiyodai hata senti moja, nayo ni LibreOffice. Ilianza mwaka 2010, ikatokana na OpenOffice.org. Nasi Watanzania tumo katika habari hiyo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na Waswidi, waliitoa OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice.

Huenda utasema, "Rahisi huvunja upishi." Methali ni ya kweli, lakini pima kwanza kazi yako. Ofisi ya parokia hapa Gairo huandika barua, orodha za michango na hesabu za mwaka. LibreOffice yayaweza hayo yote, tena hufungua barua zilizoandikwa kwa Microsoft. Kasoro yake ni kwamba ukimpelekea mwenye Microsoft waraka wenye majedwali mengi, mistari huweza kuhama. Dawa yake ni kuuhifadhi kama PDF kwanza.

Wako pia mafundi watakaokutilia programu ya kulipiwa kwa shilingi chache, nakala ya wizi. Usikubali! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yakataza, na nakala za namna hiyo mara nyingi huja na virusi. LibreOffice mmoja aweza kuipakua katika intaneti, na jirani zake wakainakili kwa flashi bila kosa lolote.

Basi, mwalimu na karani mwenzangu, jaribu ya bure mwezi mmoja kwa kazi zako za kweli. Ikikushinda, nunua bila kujuta. Ikikufaa, fedha ile ya kila mwaka inunue madaftari na chaki.