Mbao ya rulma mbele ya kamio

Kila mfanyakazi wa ateliye anajua rulma: pete mbili za chuma, na vidonge vinavyozunguka katikati. Ikichakaa inatolewa ku mashini, inatupwa mu feraye, na kutoka pale haikawii kufika ku nyumba. Watoto wanatafuta ubao, wanapigilia fito mbili chini, wanavalisha rulma tatu ao nne, wanafunga kamba mbele ya kushikia, basi gari iko tayari. Marekani ubao kama huo ulianzia California miaka ya 1950, na leo watoto wa kule wanaununua ku magazini, na magurudumu ya plastiki ngumu. Wa kwetu unatoka mu mikono yao wenyewe. Tuseme kweli, ni kazi nzuri, na hatuandiki hapa ili kuizarau.

Taabu ni pale wanapoupeleka. Rulma haitembei mu mchanga, inataka lami na muteremko. Na lami yenye muteremko, iwe Likasi ao Kolwezi, mara nyingi njo ile ile wanayopita makamio ya katodi yanayoshuka kwenda Kasumbalesa na yale ya asidi yanayopanda.

Baba anayetumika mu shimo ya wazi anajua kanuni bila kukumbushwa. Jeep ndogo haiingii kati ya mashini kubwa za kubeba mawe bila bendera ku fimbo ndefu, na hakuna anayepita karibu yao mpaka shofere amemjibu ku radio. Sababu ni moja: shofere amekaa juu sana, na mbele ya mashini iko nafasi ambayo macho yake hayafiki. Kamio ya barabara ni ndogo kuliko ile ya shimoni, lakini nayo iko na nafasi yake: mbele ya pua, na ubavuni, zaidi ule upande wa mbali na shofere. Mtoto akikaa ku mbao, kichwa chake hakifiki hata kiuno cha mtu mzima. Hana bendera, hana radio. Shofere akisema "Mi sikumuona hata kidogo", watu wanakasirika, lakini mara nyingi hasemi bongo.

Iko na kitu kingine ambacho wazazi wengi hawafikirii: makelele. Chuma ku lami inalia sana, na mtoto aliye juu yake hasikii motere inayokuja nyuma. Halafu mbao haina freni. Anasimamisha na kisigino ao anajitupa pembeni.

Tuhesabu kidogo. Gari inayokwenda 50 kwa saa inapita karibu metre 14 kila sekunde, na hiyo sekunde moja inaisha mbele mguu wa shofere haujagusa freni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu wa miguu aliyegongwa na gari ya 65 kwa saa yuko na hatari ya kufa mara 4,5 kuliko aliyegongwa na ya 50. Mtoto aliyesimama pengine anatupwa pembeni. Aliyekaa ku mbao anaingia chini, na pale njo kifua na kiuno vinapondwa.

Wengine wanawavalisha watoto kaske ya baba. Kaske ya mine imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu, si kwa kichwa kinachogonga lami kwa ubavu, na ku kichwa kidogo inachomoka mbele ya kuanguka. Kaske ya velo, yenye povu ngumu ndani na mukaba chini ya kidevu, inasaidia sana mtoto akianguka peke yake. Mbele ya gurudumu la kamio, hakuna kaske.

"Sasa batoto bacheze wapi?" Hilo ni ulizo la haki, na jibu haliko mu mikono ya mama peke yake. Kampala, mu mtaa wa Kitintale, mwaka 2006 vijana walijengewa na kujijengea uwanja wa beto wa kuchezea mbao, mbali na magari. Beto kwetu haikosekani, wala njia za ndani za kambi ambazo zinaweza kufungwa na mapipa mawili siku ya mungu mchana. Chefu wa mtaa anaweza kuombwa. Kampuni zinazopitisha makamio pale nazo zinaweza kuombwa, na tunaona zaombwe kwanza.

Na kama ajali imekwisha kutokea: musimunyanyue mtoto kwa mikono na miguu kama mufuko wa minerai. Kama kamio haimulalie na hakuna hatari ingine, mumuache pale pale, mmoja amushikilie kichwa kisigeuke, mwingine agandamize damu na kitambaa safi. Wale waliosoma usaidizi wa kwanza ku kazi wanajua kufanya hivyo. Akisimama na kusema yuko muzuri, musiamini haraka. Damu inaweza kujikusanya ndani ya fuvu pole pole, saa nyingi nyuma. Akitapika, akilala bila kuamuka vizuri, jicho moja likipanuka kuliko lingine, ao maji ya kung'aa yakitoka mu sikio ao mu pua, ni lopitalo saa ile ile, hata usiku. Na anayemupeleka amuambie munganga saa kamili aliyogongwa, na kama alizimia.