Tununue Maharage Wakati wa Mavuno



Wengi wetu hapa Kampala tunanunua maharage kwa kikombe, tena kwa mkopo, mshahara ukiisha. Kikombe kimoja huonekana rahisi. Jumlisha vikombe vya mwezi mzima, utaona kila kilo imekugharimu kuliko aliyenunua gunia.

Katika Buganda maharage huvunwa mara mbili kwa mwaka: Juni hadi Julai, na Desemba hadi Januari. Hapo ndipo bei hushuka Owino na Kisenyi. Wakati wa kupanda mbegu bei hupanda tena. Shida ni kwamba mavuno ya Desemba hukutana na Krismasi, na Februari watoto hurudi shule. Kwa hiyo tuanze kuchanga mwezi wa Oktoba.

Watu watano wakinunua gunia la kilo 100, kila mmoja hupata kilo 20. Nyumba inayopika nusu kilo kwa siku itakula siku 40.

Maharage yakauke vizuri kabla ya kuwekwa. Ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio, imekauka. Jaza jerikeni safi na kavu mpaka mdomoni, ulifunge kabisa. Wadudu wakikosa hewa hufa.

Lakini mwajiri asije akasema sasa tunashiba. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi! Akiba haiwezi kuwa badala ya mshahara wa haki. Tununue kwa umoja, tudai kwa umoja.