Saratani ya Kinywa: Watu Wanajua Nini Hasa?

"Je, unajua kwamba tumbaku husababisha saratani ya kinywa?" Ukimuuliza mtu hivyo ataitikia ndiyo, hata kama hajawahi kuusikia ugonjwa huo. Swali limekwisha kumtajia maradhi pamoja na chanzo chake. Ndiyo maana mpimaji makini wa uelewa wa umma huanza bila vidokezo: "Unadhani saratani ya kinywa inaletwa na nini?" Orodha ya visababishi huwasomea watu baadaye. Tofauti kati ya majibu ya mwanzo na ya baadaye huonyesha elimu ipi imekaa kichwani.

Mwaka 1999 ulitolewa utafiti wa Uingereza uliohoji watu wapatao 1,900. Asilimia 96 walikuwa wamesikia saratani ya ngozi. Ya kinywa, asilimia 56 tu. Asilimia 76 walijua kuwa sigara inaileta, lakini pombe ilijulikana kwa asilimia 19. Hilo linasikitisha, maana mtu anayevuta na kunywa hatari zake huzidishana: pombe huzifungulia njia sumu za moshi zipenye utando laini wa kinywa. Bado takwimu inayonitia hofu zaidi ni nyingine. Asilimia 43 waliamini kupata saratani au kuiepuka ni majaaliwa. Mwenye imani hiyo anaweza kujibu sawasawa kila swali la visababishi, kisha akaacha kidonda kiendelee kukua.

Hojaji hiyo ukiileta pwani kwetu jinsi ilivyo, itakosa mengi. Bibi wa Unguja aliyetafuna tambuu tangu ujanani, ukimuuliza kama anavuta, atakujibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Lakini popoo inayotafunwa ndani ya tambuu hiyo, hata bila chembe ya tumbaku, imeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Tena hukakamaza nyama za mashavu hadi mdomo ushindwe kufunguka. Basi hojaji ya huku itaje popoo, pamoja na tumbaku zisizovutwa kama ugoro na kuberi, kwa majina yake.

Na ipime pia mwenendo, yaani kama watu huenda kukaguliwa, kwa kuwa kinywa hukaguliwa kwa macho na tochi. Kule Kerala, India, wahudumu wa afya waliofunzwa walianza kukagua vinywa vya watu mwaka 1996. Matokeo ya 2005 yalionyesha vifo vya saratani hiyo kwa watumiaji wa tumbaku au pombe vimepungua kwa asilimia 34, vikilinganishwa na vya maeneo yasiyokaguliwa.

Mimi ningeweka swali hili mbele: "Una kidonda mdomoni, hakiumi, kimeingia wiki ya tatu. Utafanya nini?" Mhoji anyamaze, aandike anachoambiwa: maji ya chumvi, duka la dawa, mganga, hospitali. Wanaosema watangoja mpaka kiume wahesabiwe peke yao, kwa sababu saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi.