Udi Kwenye Pazia: Jinsi Bawa la Nzi Linavyojipanga

Ndizi mbivu zikikaa mezani siku mbili tatu, vijinzi vyenye macho mekundu hujitokeza kana kwamba vimealikwa. Mgema naye anavijua, maana havikosi kwenye kibuyu cha tembo. Wanasayansi humwita nzi huyo Drosophila melanogaster. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, lakini umaarufu aliupatia New York, alikofugwa kwenye chupa na Thomas Hunt Morgan. Mwaka 1910 Morgan alimwona dume mmoja mwenye macho meupe, na kutoka kwa dume huyo akaanza kufumbua siri za urithi. Zilimletea tuzo ya Nobel mwaka 1933.

Bawa la nzi huyu lina urefu wa milimita mbili hivi. Ukiliweka chini ya hadubini utaona mishipa iliyonyooka, kila mmoja mahali pake. Chukua nzi mwingine, na wa tatu, na wa mia: ramani ni ile ile.

Ramani hiyo huchorwa mapema, nzi akiwa bado buu. Ndani ya buu mna vifuko vidogo vya seli, na viwili kati yake ndivyo vitakavyokuwa mabawa. Kifuko kimoja huanza na seli makumi machache tu. Baada ya siku nne hivi zimekuwa makumi ya maelfu. Kila seli haina budi kujua imesimama wapi: iwe mshipa, iwe ukingo, au iwe ngozi ya kawaida kati ya mishipa.

Habari hizo huletwa na protini iitwayo Dpp. Hutengenezwa na ukanda mwembamba wa seli unaopita katikati ya kifuko, kisha husambaa pande zote mbili, ikizidi kupungua kadiri inavyokwenda. Seli iliyopata Dpp nyingi huwasha jeni fulani. Iliyopata kidogo huwasha nyingine. Kitu cha namna hii huitwa mofojeni, neno lililobuniwa mwaka 1952 na Alan Turing, yule yule mwanahisabati anayetajwa sana katika historia ya kompyuta.

Kufikia hapo mambo yanaonekana mepesi, na kwa miaka mingi yalielezwa hivyo: chanzo kinatoa, protini inasambaa, basi. Lakini weka chetezo cha udi katikati ya nyumba. Aliyekaa karibu anapigwa na harufu kali, aliye uani anaisikia kwa mbali. Je, ni makaa peke yake yanayoamua? Pazia, zulia na kanga zilizoangikwa hunasa moshi na kuushikilia. Nyumba tupu yenye sakafu ya saruji hainukii kama nyumba iliyotandikwa.

Seli nazo zina mapazia yao. Mojawapo ni Dally, protini iliyotambuliwa mwaka 1995. Imepachikwa kwenye utando wa seli, na kutoka kwake huning'inia minyororo mirefu ya sukari iitwayo heparani salfeti. Minyororo hiyo huidaka Dpp, huizuia isipotee, na huifanya ikae muda mrefu juu ya seli. Nzi asiyekuwa na Dally huota bawa dogo, na mara nyingi mshipa wake wa mwisho hukatika kabla ya kufika ukingoni. Dpp inatengenezwa kama kawaida. Kinachokosekana ni cha kuishika.

Pazia la pili lina ukaidi wake. Hicho ni kipokezi kiitwacho Thickveins, mlango ambao kwao seli husikia ujumbe wa Dpp. Mtu angedhani milango mingi ni heri. Kumbe kipokezi kinapoidaka Dpp, seli huweza kuimeza na kuiharibu, na jirani wa mbele akabaki mikono mitupu. Ndiyo maana seli za katikati ya kifuko hupunguza vipokezi vyao, na ujumbe ukapata kupita. Watafiti wakiviongeza hapo, Dpp hukwama karibu na chanzo.

Mwaka 2007 kipimo cha Dpp kilichapishwa: kila mikromita 20 hivi, kiasi chake hushuka hadi karibu theluthi. Hayo ni masafa ya seli saba au nane tu.

Binadamu naye ana jamaa wa protini hizi. Ndugu mmoja wa Dally, GPC3, akiharibika, mtoto huzaliwa na mwili uliokua kupita kiasi. Na madaktari huitafuta protini hiyo hiyo wanapopima saratani ya ini. Hitilafu katika EXT1, jeni inayosaidia kujenga minyororo ya sukari, huotesha vinundu kwenye miisho ya mifupa mirefu.

Jaribio la kuvutia zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilitoka Basel, Uswisi, mwaka 2015. Watafiti waliivisha Dpp mng'ao wa kijani, protini iliyotoka kwa yavuyavu wa baharini. Kisha wakapachika juu ya seli kingamwili ndogo, ya aina inayopatikana kwa ngamia na jamaa zake, yenye kunasa mng'ao huo. Ikawa pazia la kutengenezwa. Dpp ilikwama pale pale ilipozaliwa, mpangilio wa mishipa ukavurugika, na sehemu ya katikati ikashindwa kukua. Sehemu za pembeni, ambazo sasa hazikupata Dpp hiyo, ziliendelea kukua karibu kama kawaida.