Gitare ya mtu wa mashoto



Jumapili moja hapa Kasongo kwaya ya vijana ilisimama kuimba, na kijana wao mpya akatoka mbele na gitare. Aliishika kinyume. Shingo ya gitare ilielekea upande wa kuume, na mkono wa kushoto ndio uliopiga kamba. Alipiga kwa nguvu, hata mama wa nyuma kabisa, wale wanaokaa karibu na mlango juu ya watoto wanaolia, wakaanza kupiga makofi. Lakini mzee mmoja wa benchi la kwanza aligeuza uso. Baada ya ibada akanifuata.

"Pasta, ule mukono si wa kusafishia? Namna gani unaacha mutoto amusifu Mungu nao?"

Ninamheshimu mzee yule. Kwetu Maniema, mtoto akikupa kitu na mkono wa kushoto unamwambia abadilishe, na jirani zetu Waislamu wa Kasongo wanafundisha watoto wao vilevile. Hiyo ni adabu nzuri ya mezani. Nilimwomba tu afungue Waamuzi 3, asome habari za Ehudi, na tena Waamuzi 20:16, wale watu 700 wa Benyamini wenye kutupa jiwe kwa teo na mkono wa kushoto. Akasoma, akacheka kidogo, akasema, "Basi apige, lakini asinipe mukono na ule." Neno likaishia hapo.

Neno gumu lilikuja kesho yake. Kijana alifika kwangu na dolari 90 zilizofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amekaa miezi mingi Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu. Ninyi mnaokaa kule mnajua kazi ile ilivyo, zaidi tangu kiwanda cha Namoya kilipofungwa mwaka 2019 na vijana wengi wakabaki na sururu tu. Gitare ya ile Jumapili ilikuwa ya kuazima. Sasa alitaka yake, ya kupiga kwa nguvu, ya mtu wa mashoto, na hakuwa na pesa zingine nje ya zile 90. Akaniuliza: "Baba Mchungaji, ninunue gani?"

Mimi ninapiga gitare tangu shule ya Biblia, lakini na mkono wa kuume. Ikanibidi nijifunze. Ninawaandikia niliyojifunza, kwa sababu barua za vijana wa Kabambare zinaonyesha kwamba yeye si peke yake.

Kwanza nitaungama kosa langu. Miaka iliyopita, kwa kwaya nyingine, nilinunua gitare nzuri ya kamba za nailoni. Bei ilikuwa ndogo. Sauti ikawa ndogo pia: waimbaji arobaini, ngoma mbili, mvua juu ya mabati, nani atasikia nailoni? Tukatia kamba za chuma. Wiki ya tatu daraja (kale kabao kanakoshika kamba kwenye tumbo) kakang'oka na kipande cha mbao, pa! katikati ya wimbo. Baadaye nikajua sababu. Kamba sita za nailoni zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 40 kwa jumla. Za chuma, hata zile nyepesi, zinapita kilo 70. Ni kama mfuko wa simenti na karibu nusu ya mfuko mwingine, mchana na usiku, juu ya ubao mwembamba. Gitare ya nailoni haikujengwa kwa mzigo ule. Usitie chuma mule, hata muuzaji akiapa.

Basi kwa kupiga kwa nguvu tunatafuta gitare ya kamba za chuma, yenye tumbo kubwa na mabega mapana. Wako watu watakaotaja Mwenda Jean Bosco, yule wa Jadotville (Likasi ya leo) ambaye Hugh Tracey alirekodi mwaka 1952, wanasema mbona yeye alisikika na gitare ya kawaida? Bosco alipiga kwa vidole, kamba moja moja, kwa ustadi, na watu walinyamaza kumsikiliza. Kwaya yetu hainyamazi. Mwenye kukwaruza kamba zote sita kwa pamoja anahitaji sanduku linalojaza nyumba.

Sasa juu ya mkono wa kushoto. Njia ni nne, na kila moja ina bei yake.

Ziko gitare zilizotengenezwa kabisa kwa watu wa mashoto. Yamaha wanayo moja inayoitwa FG820L, ile L mwishoni ni ya kushoto, na ubao wake wa juu ni mti mzima. Ni gitare nzuri, lakini bei yake, hata kule inakouzwa kwa wingi, ilipita mbali mfuko wa kijana wetu. Muuzaji mmoja wa mjini alituahidi kuleta ya bei ndogo kwa dolari 160. Alituma picha kwenye simu. Nilipoitazama vizuri, maandishi ya kwenye kichwa cha gitare yalikuwa yanasomeka kinyume: alikuwa amegeuza picha! Angalieni sana jambo hili ninyi mnaonunua kwa simu.

Njia ya pili ni kujifunza upya na mkono wa kuume. Wengine wanaweza, na wanapiga vizuri, maana mikono yote miwili ina kazi ngumu kwenye gitare. 1 Nyakati 12:2 inataja watu wa Daudi waliotumia mkono wa kuume na wa kushoto pia. Lakini kwa yule ambaye mdundo tayari umekaa ndani ya mkono wake wa kushoto, kumgeuza ni kumrudisha mwaka mzima nyuma. Nilipokuwa shule ya msingi mwenzangu mmoja alichapwa fimbo kwenye vidole kila alipoandika na kushoto. Aliandika na kuume mwishowe, ndiyo. Na aliacha kuinua mkono kujibu maswali. Mimi sitaki kufanya vile ndani ya kwaya.

Ya tatu ni kugeuza gitare ya kawaida bila kubadilisha kamba, zile nyembamba zinakaa juu na nene chini. Mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Cotten, aliyekufa mwaka 1987, alipiga hivyo, na dunia ikamsikiliza. Faida yake ni kubwa kwa mtu wa safari: ukifika Kabambare kwenye mkutano wa vijana unaweza kushika gitare ya mtu yeyote na kupiga. Hasara ni kwamba mkono ukishuka unakutana kwanza na kamba nyembamba, mdundo unakuwa mwepesi, na hakuna mwalimu wa kukuonyesha namna ya kuweka vidole. Yeye alipiga kwa vidole. Kwa kukwaruza kwa nguvu, sikuona inatufaa.

Njia ya nne ndiyo tuliyochukua: kununua gitare ya kuume, kuigeuza, na kupanga kamba upya ili nene ikae juu. Jimi Hendrix alifanya vile kwa gitare zake za umeme. Lakini sikilizeni, si kubadilisha kamba tu. Ukifanya hivyo tu, gitare italia "zzzz" na utasema ni pepo mbaya.

Juu ya shingo, pale kamba zinapotoka kwenda kwenye vifungo, kuna kamfupa (mara nyingi ni plastiki) kenye mikato sita. Mkato wa kamba nene ni mpana, wa kamba nyembamba ni mwembamba. Ukigeuza, kamba nene haiingii kwenye mkato wake mpya, na ile nyembamba inacheza ndani ya shimo kubwa. Ni lazima kutia kamfupa kapya. Fundi seremala wetu alitumia mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka kwa mchinjaji wa soko. Aliuchemsha, akaukausha siku kadhaa, akaukata, akausugua na papie emeri mpaka ukalingana na ule wa zamani, akachora mikato sita kwa upande wa pili. Mfupa unalia vizuri kuliko plastiki, na mchinjaji hakutuomba hata franka.

Chini, kwenye daraja, kuna kamfupa kengine kamelala. Kwa gitare nyingi za chuma kamelala kwa kuinama, ili kamba nene iwe ndefu kidogo kuliko nyembamba. Ukigeuza kamba, kuinama kule kunakuwa kinyume, na ukipanda juu ya shingo kamba nene zinapaza sauti kupita kiasi na nyembamba zinashuka. Kwa anayepiga karibu na kichwa cha gitare tu, kwenye vyuma vitatu au vinne vya kwanza, kosa si kubwa. Hata hivyo, wakati wa kununua chagua gitare ambayo kamfupa kale kamelala karibu sawa. Kama kameinama sana, fundi anaweza kuziba ule mkato kwa mti mgumu na gundi, na kukata mwingine wenye kuinamia upande wa pili. Ni kazi ya mkono mtulivu. Usimpe fundi wa milango mwenye haraka.

Chagua pia gitare ambayo mabega yote mawili ni sawa. Ziko zenye bega moja lililokatwa ili mkono ufike juu. Ukiigeuza hiyo, sehemu iliyokatwa inakaa juu bila kazi. Na zile zenye vifungo vya umeme ubavuni, ukigeuza, vifungo vinageukia upande wa chini. Sisi hatuna grupu wala bafle kila Jumapili, kwa hiyo tuliacha umeme kabisa.

Tulipoenda kuangalia ile tuliyonunua, tulichukua karatasi moja na kijiti cha kupimia. Karatasi niliisukuma chini ya daraja: ikiingia, daraja limeanza kung'oka, acha. Nikatazama shingo kwa jicho moja kama mtu anayetazama bunduki, ione kama imenyooka. Nikapitisha kidole kando ya vyuma vya shingo kuona kama vinakata. Halafu tukapima pale chuma cha 12 kilipo, nafasi iliyo kati ya chuma na kamba nene. Anayepiga polepole anapenda milimita 2. Kwa mkono mzito kama wa kijana wetu, milimita 2 na nusu mpaka 3 ni heri, maana kamba ikiwa chini sana itagonga vyuma. Tuliuliza pia kama shingo ina chuma ndani, kile kinachokazwa kwa ufunguo wa pembe sita, kwa sababu gitare ya kamba za chuma isiyo nacho itapinda kama upinde.

Ubao wa juu ulikuwa wa mbao zilizogandishwa. Wajuzi wanasifu mti mzima, na kweli unalia zaidi. Lakini gitare hii itafungwa nyuma ya kinga, itapigwa na mvua ya Aprili, italala kwenye nyumba ya majani. Mbao zilizogandishwa hazipasuki upesi. Tulilipa dolari 65. Kamba mbili za akiba, yaani seti mbili, dolari 14. Fundi alipokea franka 10 000 na chakula cha mchana.

Juu ya kamba: mwenye mkono mzito asinunue zile nyembamba kabisa za 10, zitakatika kila Jumapili. Chukua 12. Za 13 zina nguvu zaidi lakini gitare ya bei ndogo itaumia; ukizitia, shusha sauti nusu hatua au hatua nzima, na kwaya itafurahi kwa sababu mabinti hawatapiga kelele tena kwenye noti za juu. Futa jasho kwenye kamba kila ukimaliza. Mediatori iwe ya unene wa kati. Ile ngumu sana inakula ubao. Willie Nelson wa Marekani ana gitare yenye tundu la pili lililochimbwa na mediatori yake. Kibao cha plastiki cha kulinda ubao kilibaki upande wa juu tulipogeuza, basi kwa upande wa chini tulikata filamu ya zamani ya radio ya hospitali, tukaibandika kwa skochi ya pande mbili. Ukiitazama kwa jua unaona mbavu za mtu.

Mzee wa benchi la kwanza aliziona pia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa Mama mmoja wa Kabambare ameuliza juu ya binti yake wa miaka 14. Anaandika na kushoto, hajawahi kushika gitare, je, afundishwe upande gani? Mama, mpe kwanza fimbo au ufagio, imba naye wimbo anaoupenda, na utazame ni mkono gani unaoanza kucheza mdundo bila kuambiwa. Ukiwa wa kuume, mwache aanze na kuume, gitare zitakuwa rahisi kupatikana. Ukiwa wa kushoto, usipigane naye. Fundi wetu alikata mifupa mitatu kwa siku ile. Mmoja uko kwenye gitare ya kijana, mmoja ulivunjika, na wa tatu unakuja kwako Alhamisi na mwendesha moto wa Kabambare, umefungwa ndani ya bahasha pamoja na gazeti hili.