Sura ya Sita: Pampu ya Joto Mbele ya Mita ya Yaka

Anayeteremka barabara ya Port Bell kutoka Bugolobi kuelekea ziwani hufika Luzira, na kabla ya kuyaona maji huona kiwanda cha bia. Uganda Breweries ilianzishwa hapa mwaka 1946, jirani na bandari iliyopewa jina la Hesketh Bell, gavana wa enzi za Waingereza. (Jina hilo baadaye likahamia kwenye chupa, na leo wanaomkumbuka gavana ni wachache kuliko wanaoagiza Bell.) Bia ya aina ya lager huchachushwa katika ubaridi wa nyuzi 10 hivi, ilhali nje, mchana wa kawaida wa Kampala, hewa hufika nyuzi 27 au 28. Kwa hiyo joto lazima litolewe ndani ya matangi na kutupwa nje, usiku na mchana. Mtambo unaofanya kazi hiyo ndio huitwa pampu ya joto.

Bia ina sehemu kubwa katika historia ya mashine hii. Miaka ya 1850, huko Geelong nchini Australia, James Harrison alitengeneza mashine za kugandisha barafu, na viwanda vya bia vikawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Miaka ya 1870 Carl von Linde alifanya majaribio yake Munich kwa msaada wa wenye kiwanda cha bia cha Spaten. Wote hao walitaka baridi. Lakini tangu mwaka 1852 mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa ameshaonyesha kwamba mashine ya namna hiyo inaweza kutumika kupashia nyumba joto, kwa gharama ndogo kuliko kuchoma makaa. Ulaya iliposikia, karne nzima ilikuwa inakaribia kwisha: jumba la baraza la mji wa Zurich lilianza kupashwa kwa joto lililovutwa kutoka mto Limmat mwaka 1938.

Siri yake ni moja. Hita ya kawaida hugeuza umeme kuwa joto, na yuniti moja ya umeme haiwezi kutoa zaidi ya yuniti moja ya joto. Pampu ya joto hailitengenezi joto, hulihamisha tu. Ni kama mchukuzi pale bandarini Port Bell: humlipi thamani ya gunia, unamlipa ujira wa kulibeba. Ndani ya pampu kuna gesi inayozunguka kwenye mabomba. Upande mmoja gesi hiyo, ikiwa katika hali ya kimiminika, huchemka kwa ubaridi mno na kunyonya joto la hewa. Kompresa huigandamiza hadi iwe moto kuliko maji ya tangi. Upande wa pili hulitua joto hilo ndani ya maji, hurudi kuwa kimiminika, na safari huanza upya. Umeme huendesha kompresa na feni, basi. Yuniti moja ya umeme inaweza kuhamisha yuniti tatu au nne za joto.

Inahamisha ngapi hasa? Hilo hutegemea umbali kati ya joto la hewa na joto la maji unayoyataka. Chukua maji ya nyuzi 53. Hewa ikiwa nyuzi 26, kikomo cha kinadharia ni yuniti 12 za joto kwa yuniti moja ya umeme. Hewa ikiwa nyuzi sifuri, kama Berlin wakati wa baridi, kikomo hushuka hadi 6. Mashine halisi hufikia theluthi ya kikomo hivi. Kwa hiyo pampu ileile hufanya kazi vizuri zaidi Luzira kuliko Berlin, na muuzaji anayesema hali ya hewa yetu inaifaa mashine hii hadanganyi.

Asichokisema ni kwamba ubora wa mashine ni jambo moja na akiba ya mwenye nyumba ni jambo jingine. Mwenye ndugu anayeishi Oslo atakuwa amesikia kwamba nchini Norway zaidi ya nusu ya nyumba zinazojitegemea zina pampu za joto. Kule mashine hupasha nyumba nzima miezi mingi ya mwaka, na ina kazi ya kutosha kulipia bei yake. Luzira hakuna anayepasha nyumba joto. Ubaridi wa alfajiri unaopanda kutoka ziwani, nyuzi 17 hivi, huondolewa na sweta. Kazi pekee tunayoweza kuipa pampu ya joto ya nyumbani ni maji ya kuoga na ya jikoni, na kazi hiyo katika nyumba nyingi ni ndogo.

Hesabu ifanyike basi, na tuifanye kwa bei za kweli. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 umeme wa Kampala husambazwa na shirika la serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kufika mwisho. Mita za kulipia kabla bado zinaitwa Yaka. Bei hupangwa na mamlaka ya udhibiti, ERA, ambayo huipitia kila robo mwaka. Katika robo ya pili ya 2025, nyumba ilinunua yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa shilingi 250 kila moja. Kutoka ya 16 hadi ya 80 ilikuwa takriban shilingi 756. Kisha kulikuwa na ngazi inayowashangaza wengi: yuniti ya 81 hadi ya 150 ilishuka hadi shilingi 412, bei ya mapishi, iliyowekwa ili watu waache mkaa. Kuanzia ya 151, bei ilirudi 756. Juu ya hayo yote kuna VAT ya asilimia 18.

Ngazi hizo ndizo zinazoamua, na sijaona tangazo la mashine linalozitaja. Yuniti unayookoa haina bei ya wastani. Ina bei ya ngazi ya juu kabisa uliyokuwa umeifikia mwezi huo.

Nyumba ya kwanza iwe ya watu watano kule Mutungo, mlimani juu ya Luzira, yenye tangi la umeme linalotoa lita 150 za maji moto kwa siku. Kuyatoa maji hayo nyuzi 23 hadi 53 huhitaji yuniti 5.2 hivi. Ongeza joto linalovuja kwenye kuta za tangi, tufanye yuniti 6.5 kwa siku, yaani 195 kwa mwezi. Friji, taa, pasi na runinga zile yuniti 100 nyingine. Jumla 295. Sasa badala ya hita uweke pampu inayotoa joto mara 3.2 ya umeme wake: maji yatakula yuniti 61, na jumla itashuka hadi 161. Umeokoa yuniti 134, zote katika ngazi ya 756. Pamoja na VAT ni karibu shilingi 119,500 kwa mwezi, zaidi ya milioni 1.4 kwa mwaka. Tuseme pampu, tangi lake na ufundi vimekugharimu milioni 4. Chini ya miaka mitatu fedha imerudi.

Nyumba ya pili iko bondeni, karibu na soko. Watu wanne, na bafuni kuna hita ya papo kwa papo iliyofungwa kwenye bomba la manyunyu, ya kilowati 5. Kila mmoja huoga dakika sita: nusu yuniti. Kwa siku ni yuniti 2, kwa mwezi 60. Matumizi mengine 70. Jumla 130. Fundi aje aweke pampu ya joto yenye tangi. Tangi, tofauti na hita ya papo kwa papo, huvuja joto hata nyumba ikiwa tupu, kwa hiyo pampu italazimika kuzalisha joto la yuniti 3.3 kwa siku ili watu wapate 2. Itakula yuniti 31 kwa mwezi. Umeokoa 29, na zote zimeangukia ngazi ya mapishi, shilingi 412. Pamoja na VAT ni kama shilingi 14,100 kwa mwezi. Milioni 4 zilezile zitarudi baada ya miaka 23 na ushei, na kabla ya hapo kompresa itakuwa imeshakufa.

Mashine ni moja, mtaa karibu mmoja, bei ya umeme moja. Na chini ya hizo nyumba mbili kuna ya tatu, iliyo ya wengi: vyumba vya kupanga ambamo maji huchemshwa kwa birika au kwenye sigiri na kumiminwa kwenye beseni, lita kumi kwa mtu. Hapo pampu ya joto haina hata pa kukaa. Hata ingekuwapo nafasi, mwenye nyumba ndiye angeinunua na mpangaji ndiye angefaidi kwenye tokeni zake, na wenye nyumba wa namna hiyo sijui wako mtaa gani.

Kwa familia kubwa yenye tangi bado kuna mshindani, nalo ni jua. Hita ya jua juu ya paa haina kompresa ya kuungua na hailipii yuniti. Kenya iliiamini kiasi cha kutunga kanuni mwaka 2012 za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaiweke. Udhaifu wake hapa ni mawingu ya msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, ambapo hita ya umeme ya akiba ndani ya tangi lake huwaka kimyakimya na kula yuniti ileile uliyoikimbia. Paa likiwa wazi kwa jua, mimi ningeanza na jua. Paa likiwa la ghorofa la watu wengi au limefunikwa na mwembe, pampu ya joto ndiyo chaguo.

Aliyekwisha kuinunua anaweza kuongeza akiba bila gharama. Aiwekee saa ifanye kazi kati ya saa sita mchana na saa kumi, hewa ikiwa na joto, badala ya alfajiri. Asipandishe maji zaidi ya nyuzi 55 kila siku, maana kila nyuzi ya ziada hupunguza ufanisi. Mara moja kwa wiki tu ayafikishe 60 kuua bakteria wa tangini. Asiifungie kwenye stoo isiyopitisha hewa, kwani pampu hupuliza hewa baridi, na ikiinyonya tena hewa yake yenyewe itajitesa. Na aweke kinga ya umeme unaopanda na kushuka, kwa sababu ununuzi wa kompresa mpya unaweza kumeza akiba ya mwaka mzima au zaidi.

Nimeiacha ya mwisho pampu ya joto ambayo nyumba nyingi za Luzira zinayo tayari: friji. Ni mtambo uleule wa kiwanda cha bia, umefanywa mdogo. Joto lililotolewa kwenye maziwa utalihisi ukiweka mkono nyuma yake. Friji nzima hula yuniti 20 hadi 30 kwa mwezi. Ikiwa mpira wa mlango umepasuka, au imebanwa ukutani karibu na jiko, kompresa haipumziki na matumizi hupanda bila mtu kujua. Mwaka 2009 Uganda ilipiga marufuku kuingiza friji kuukuu, lakini zilizoingia kabla ya hapo zilirithiwa na kuuzwa tena. Anapokuja fundi kujaza gesi, muulize ni gesi gani: R-134a, ikivuja, hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kiasi hichohicho cha hewa ya ukaa, na gesi za jamii yake ndizo mataifa yalizokubaliana kuzipunguza katika mkutano wa Kigali, Oktoba 2016. R-600a haina tatizo hilo, ingawa hushika moto na huhitaji fundi mwangalifu.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa muuzaji yeyote, isome mita yako. Andika namba jioni, zima hita ya maji siku nzima, andika tena; siku ya pili iwashe kama kawaida na uandike tena. Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo kazi utakayoipa pampu. Ikiwa haifiki yuniti 4, tengeneza mpira wa friji, na hizo milioni zipeleke kwingine.